Wanamtindi wa Chuno na Shingo ya Rashidi

Magoti ndiyo yaliyoniachisha kazi. Mikono bado mizima, macho yanaona ukivaa miwani, ila kinyozi anafanya kazi kwa miguu, na yangu imegoma. Kwa hiyo kiti nimewaachia ninyi, vijana wangu wa hapa Chuno, na kwa kuwa mmenisumbua niandike niliyoyaona, naandika. Msitafute humu habari za nani alikuwa bosi na nani alilipwa vizuri. Hayo hayamfundishi mtu kushika wembe.

Nilianza kwa Fundi Mahamudu, aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na geti la bandari. Wateja wake walikuwa wapakiaji mizigo, wanatoka zamu na vumbi la magunia ya korosho limeganda kwenye ndevu. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa wembe. Nikapewa jiko la mkaa na sufuria. Kazi yangu ikawa kuchemsha maji, kukamua kitambaa na kumfunika mteja uso mpaka vumbi lilegee. Nikabaki na kazi ya kitambaa hicho muda mrefu kuliko nilivyopenda, nikinung'unika kimoyomoyo kwamba mzee ananionea.

Mahamudu hakuwa mtu wa maneno. Kwenye kibanda kile kulikuwa na maneno manne tu ya kazi: juu, chini, geuka, bado. "Bado" ndilo alilolipenda. Nikimwambia uso umelainika, yeye anaupitishia mgongo wa vidole, anasema bado, nami narudi kwenye sufuria. Vifaa vyake vilikuwa wembe wa mkunjo, mkanda wa ngozi wa kuunolea, brashi iliyoota upara katikati, na kipande cha shabu cha kuzuia damu. Shabu ile ilikuwa inang'aa mpaka wateja wakawa wanauliza kama ni kioo. Ninyi leo mna chupa za kila rangi kwenye rafu, na bado mtu akitoka damu mnakimbilia karatasi ya chooni.

Nikumbuke na kisa kimoja cha wakati ule, maana kitanifaa mbele. Alikuja mkulima mmoja, msimu wa korosho umepamba moto, uso umebabuka. Alikuwa amebangua korosho nyumbani kwa kuzichoma, mafuta ya ganda yakamrukia shavuni. Mnajua mafuta yale yanavyounguza. Kulikuwa na harusi ya binti yake, akataka ndevu zitoke zote. Nikaanza kuandaa sabuni. Mahamudu akanishika mkono.

"Huyu hanyolewi," akasema.

"Fundi, harusi ya mwanangu kesho," yule baba akalalamika.

"Wataoana tu, ndugu yangu. Ndevu zako hawazihitaji."

Alimpunguza kwa mkasi pale palipokuwa na ngozi nzima, palipobabuka hakupagusa. Baba akaenda harusini na ndevu za upande mmoja. Nilimwonea huruma, na nilimwona Mahamudu kuwa na roho ngumu. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba kazi yetu ina sehemu ya kunyoa na sehemu ya kukataa kunyoa, na hii ya pili haina ada.

Miaka ikaenda. Ikaja hofu ya Ukimwi, kila mteja akawa anakuja na wembe wake mpya mfukoni, unaufungua mbele yake ili auone kwa macho yake. Wembe wa mkunjo ukawekwa kabatini. Zikaja mashine za umeme, na umeme nao ukawa na tabia zake, unaweza kukatika umemaliza nusu ya kichwa cha mtu. Nikahamia Chuno, nikafungua saluni yangu mwenyewe. Gesi ilipokuja, wageni wakajaa mjini na kila kijana akataka kuchongwa pembeni kwa mstari ulionyooka. Ndevu kama ndevu nikadhani zimekwisha thamani.

Hapo ndipo walipoingia Wanamtindi.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Nandonde, anafundisha jiografia sekondari, rika langu kasoro kidogo. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba duniani kuna watu wanaonyoa ndevu kwa mapenzi, kwa brashi na sabuni ya bakuli na kishikio cha chuma kinachofungwa wembe mmoja, kama walivyonyoa babu zetu. Tofauti ni kwamba babu zetu walinyoa wakaenda shamba. Hawa wakishanyoa wanakaa kuzungumzia. Mwenzake wa karibu alikuwa Armando, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na ambaye hadi leo anakwenda na kurudi. Yeye ndiye aliyekuwa akileta sabuni za Kireno zenye harufu nzuri sana, lazima nikiri. Wakakusanyana watu wachache, wakaunda kundi kwenye simu, wakajiita Wanamtindi. Wamama wa jirani wakawa wanakuja saluni kuulizia maziwa.

Mtindi ni povu. Kwao povu halikubaliki mpaka liwe zito kama mtindi, likipinduliwa bakuli lisianguke. Likiwa jepesi wanaliita "chai," na mtu aliyenyoa kwa chai anachekwa siku nzima. Wembe nao una tabia: kuna mpole, kuna mkali, na kuna mkorofi, ambao ni mkali usio na adabu. Kuupitisha wembe uso mzima mara moja ni "mkupuo." Wao wanakwenda mikupuo mitatu: wa kwanza kufuata unywele unakolala, wa pili kuukata ubavu, wa tatu kuupinga. Kabla ya yote unatakiwa uwe na "ramani," yaani ujue kila sehemu ya uso wako unywele unaelekea wapi. Mtu anayenunua vishikio vingi kuliko mashavu aliyonayo ana "homa." Armando alikuwa na homa isiyo na dawa.

Walikuwa wanakuja saluni kwangu Jumamosi, hawanyolewi, wanakaa tu kwenye benchi la wateja wakilinganisha. Siku moja nikachoka.

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa ni saluni. Mikupuo mitatu, mikupuo mitatu, unadhani tuko jeshini?"

"Fundi, wewe hujambo, una mkono," akanijibu bila kukasirika. "Sisi hatuna mkono. Tuna maneno."

Jibu hilo lilikuwa kweli. Na nisiwafiche, yalikuwepo maneno yao niliyoyapenda. Kile kitone kidogo cha damu kinachojitokeza bila kidonda wao wanakiita "chozi." Nimenyoa maisha yangu yote, nimeviona vitone vile kwa maelfu, na sikuwahi kuvipa jina. Niliposikia "uso umetoa machozi mawili" nilicheka, na tangu siku hiyo nikawa nasema hivyo hivyo kwa wateja wangu.

Lakini lipo neno moja lililokuwa linanikera hadi nywele za kisogoni zinasimama: "kitoto." Kitoto ndicho kilele chao. Ni shavu lililonyolewa likawa laini kama la mtoto mchanga, ukipapasa juu, chini na upande husikii kitu. Kila asubuhi lazima mtu atume picha ya sinki, brashi na bakuli, chini yake aandike "kitoto leo," na wengine wote wajibu kwa kumpongeza. Asiyefika kitoto anapewa ushauri. Na ushauri wao, jamani, ni kama mvua ya masika, ukianza hujui utaisha lini.

Rashidi Namkoma aliingia kwenye kundi hilo akiwa na shida ya kweli. Alikuwa fundi mitambo kwenye kampuni ya mkandarasi inayofanya kazi kwenye mitambo ya gesi huko Madimba, kijana wa miaka thelathini na kidogo, ana mke, ana mtoto, na nyumba aliyoianza hapa Chuno ilikuwa imefika kwenye linta. Sehemu aliyofanyia kazi ilimtaka avae barakoa ya mpira inayokaza uso mzima, ikitokea hewa mbaya aweze kupumua. Barakoa ile haikai sawasawa juu ya ndevu. Kwa hiyo wanapimwa: unavalishwa barakoa, juu yake unafunikwa kofia kubwa ya plastiki, kisha inapulizwa ndani dawa chungu kama mwarobaini. Unasoma maneno kwa sauti, unageuza shingo, unainama. Ukisikia uchungu mdomoni, barakoa inavuja, umefeli.

Sheria hiyo ni nzuri na sina neno nayo. Shida ilikuwa shingo ya Rashidi. Alikuwa na ndevu za kujikunja, na ninyi mnajua ndevu za namna hiyo zikikatwa karibu sana zinavyorudi ndani ya ngozi na kuota vipele. Mara ya kwanza alijipunguza kwa mashine ya umeme nyumbani akiogopa vipele, ikaacha unywele mrefu, akasikia uchungu, akafeli. Ndipo akajiunga na Wanamtindi. Wakampokea kwa mikono miwili. Armando akampa kishikio, Mwalimu akamfundisha mtindi, na wote kwa pamoja wakampeleka hadi mkupuo wa tatu. Siku moja alituma picha: kitoto. Kundi zima likashangilia. Baada ya siku chache shingo yake ikavimba vipele vikubwa, vingine vina usaha. Barakoa ikakaa juu ya mabonde na vilima. Akafeli mara ya pili.

Alikuwa amebakiwa na mara moja. Mkataba wake ulikuwa wa kazi ile ile yenye barakoa, na asiyeweza kuivaa hana kazi.

Aliyemleta kwangu ni Mwalimu mwenyewe. Walikuja siku ya kazi, saluni haina watu, na Mwalimu hakuketi.

"Fundi," akasema, "tumemuumiza mtoto wa watu."

Rashidi akaniamkia, nikaitikia, akainua kidevu nione. Niliona huruma, na niliona hasira pia. Nikataka kusema maneno makali. Nilipomtazama Mwalimu nikaona hayahitajiki, ameshajisemea mwenyewe.

"Umebakiwa na muda gani?" nikamwuliza Rashidi.

"Nina likizo, mzee wangu. Nikirudi tu wananipima."

"Basi likizo hiyo usinyoe."

"Nisinyoe kabisa?"

"Kabisa. Ndevu ziote, zitoke zenyewe humo zilimojificha."

Basi akaacha ziote. Akawa anakuja saluni kila baada ya siku chache, namlaza kwenye kiti, namfunika kitambaa cha moto, halafu kwa sindano iliyochemshwa nainua zile ndevu zilizojikunja na kuingia ndani kama vitanzi. Nainua tu, sing'oi. Ukizing'oa utafurahi leo, kesho zinarudi ndani na hasira zaidi. Kazi hiyo ni ya taratibu, na niliipenda kuliko nilivyotarajia. Mkewe alinipigia simu siku moja kunishukuru, akaniambia mumewe ameanza kulala usingizi.

Vipele viliponywea, likaja swali la namna ya kunyoa. Mimi nilijua jambo moja: wembe mpole, mkupuo mmoja tu kufuata unywele, ngozi isivutwe. Ukiivuta ngozi, unywele unakatwa chini ya usawa wake, unazama. Kwenye mashavu ilikuwa rahisi. Kwenye shingo nilijaribu sehemu ndogo nikishuka chini kama kawaida, baada ya siku mbili pale pale pakatoka vipele vipya. Nikababaika. Nimenyoa shingo nyingi, na hiyo ilinishinda.

"Tuchore ramani," Mwalimu akasema.

Nikaguna. Yeye akatoka, akaenda kuomba penseli ya wanja kwa dada wa duka la vipodozi mkabala na sisi, akarudi, akamwinamia Rashidi na miwani imeshuka puani. Akawa anapapasa kidogo, anachora mshale, anapapasa, anachora. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Kijana mzima amelala kwenye kiti, shingo imejaa mishale myeusi kama ubao wa darasani.

"Epa!" Armando akasema akichungulia kutoka mlangoni. "Camarada, ndugu yangu, unakwenda wapi na alama zote hizo, Maputo?"

Rashidi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Mwalimu hakucheka. Alipofika chini ya taya la kushoto akasimama.

"Fundi, leta kidole chako hapa."

Nikapeleka. Hapo ndevu hazikushuka wala hazikupanda. Zilikuwa zinazunguka, zinaelekea sikioni halafu zinarudi. Wao wanaita kimbunga. Nilikuwa nashusha wembe juu yake kana kwamba ni shingo kama nyingine. Ramani, neno nililolidharau, lilikuwa limeona kitu ambacho vidole vyangu vilikipita. Na Mwalimu, aliyekiona, hakujua wembe upite vipi juu yake bila kuudhi ngozi. Tukasimama pale wawili, yeye anaonyesha mshale, mimi nafuata kwa wembe, vipande vidogo vidogo, kila kipande na upande wake. Tulimnyoa mtu mmoja kwa mikono ya watu wawili. Siku zikapita, kipele hakikutoka. Tukarudia, Rashidi akitazama kwenye kioo, mpaka akaweza mwenyewe.

Ila shavu halikuwa kitoto. Ukilipapasa kwa kupinga lilikuwa linakwaruza, na hapo ndipo Wanamtindi walipopata mtihani wao. Mwalimu aliandika kwenye kundi kwamba Rashidi akituma picha yake, hakuna kumshauri. Mnaweza kucheka, lakini kwa watu wale ilikuwa kama kumwambia mtu apite penye harufu ya pilau asigeuze kichwa. Armando aliniambia kuna asubuhi aliandika ushauri mrefu, akaufuta, akaenda kuoga.

Asubuhi ya kupimwa Rashidi alikuja saluni kabla sijamaliza kufagia. Alikuwa ameshanyoa. Mwalimu na Armando walikuwapo, walipitia njiani wakisema wanaelekea kazini, ingawa shule ya Mwalimu iko upande mwingine wa mji.

"Mzee wangu, papasa," Rashidi akasema.

Nikapapasa. Inakwaruza.

"Itavuja," akasema. "Najua itavuja. Niongezee mkupuo mmoja tu. Mmoja wa kupinga. Vipele vitakuja kesho kutwa, mimi shida yangu ni leo."

Armando akapapasa, akatazama chini. Mwalimu akapapasa, akafumba macho. Niliona neno limemjia mpaka mdomoni, akalimeza. Wote wakanitazama mimi.

Niliogopa. Sina sababu ya kuwadanganya. Ile barakoa sikuwahi kuiona, sikujua inavumilia unywele kiasi gani. Kama ningemwongezea mkupuo, leo angepita hakika. Lakini angevaa barakoa kila zamu, na wangempima tena siku nyingine, na shingo ingekuwa imerudi kule ilikotoka. Na nikikataa, akafeli, nyumba ile ingebaki kwenye linta na mimi ningekuwa napita mbele yake kila siku nikienda msikitini. Nikamgeuzia kichwa kwenye mwanga, nikapapasa mara ya pili kwa mgongo wa vidole, polepole, mahali pote ambapo mpira ungekaa. Unywele ulikuwapo, lakini ulikuwa mfupi, umelingana, na ngozi chini yake ilikuwa tambarare.

"Hunyolewi," nikamwambia. "Nenda hivyo hivyo."

Alichukua kofia yake akatoka, na hakutuaga. Tulikaa watatu kwenye benchi. Mteja alikuja akitaka kuchongwa, nikamwomba arudi mchana. Mwalimu hakwenda shule mpaka kipindi chake kilipomwita, na kabla ya adhuhuri alikuwa amesharudi. Hakuna aliyetaja sabuni wala wembe. Katika miaka yote niliyowajua watu wale, hiyo ndiyo asubuhi pekee walipokosa la kusema juu ya ndevu.

Rashidi alirudi alasiri na nguo za kazi, alama ya mpira bado imemzunguka uso. Alisimama mlangoni akitutazama mmoja mmoja, nikashindwa kuusoma uso wake.

"Walinifunika," akasema. "Nikasoma yale maneno yao, nikageuza shingo, nikainama. Nikawa nasubiri uchungu. Nasubiri, nasubiri, kimya. Nikamwuliza yule dada anayepima, 'Samahani, dawa mnapuliza saa ngapi?'"

Akajifuta macho na mkono wa shati.

"Akaniambia, 'Kaka, nimeshapuliza mpaka chupa imekwisha.'"

Mwalimu akageukia ukutani. Armando akaanza kuita majina ya watakatifu kwa Kireno. Mimi nilimshika Rashidi taya kwa mikono miwili, nikalipapasa lile shavu lililokuwa linakwaruza kana kwamba naliona kwa mara ya kwanza, na nikalia mbele ya wateja wangu.